Yafaa Mlango Ufungwe Kwanza

Bwana Mhariri,

Nimepata habari kwamba shule yetu imeletewa kompyuta moja kubwa ya kuhudumia chumba kizima, na ya kuwa tangu muhula ujao kila mwanafunzi, wa Senior One hata wa Senior Six, atapewa jina lake na neno lake la siri ili aweke kazi zake humo. Habari hii imenifurahisha sana. Zamani zetu kulikuwa na taipu mbili tu ofisini kwa karani, na hata hizo hatukuruhusiwa kuzigusa. Lakini furaha yangu imechanganyika na hofu kidogo, na hofu hiyo ndiyo inayonifanya niombe nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu.

Najua wako watakaosema kwamba mambo ya kompyuta yaandikwe kule mbele, kwenye kurasa za Kiingereza. Mimi sioni hivyo. Jambo ninalotaka kulieleza ni la mlango na kufuli, na hayo yamo katika Kiswahili tangu hapo.

Kila mvulana aliyelala katika mabweni yetu ajua desturi ya sanduku. Siku ya kwanza wafika na sanduku la bati na kufuli lake, na ufunguo umefungwa kwa uzi shingoni. Hakuna mtu akuulizaye kwa nini unafunga. Hakuna asemaye kwamba unawashuku wenzako. Ukitaka kumpa rafiki sukari, unafungua, unampa, unafunga tena. Sasa fikiri, ndugu msomaji, kama ungefika shuleni ukakuta kwamba masanduku yote yametolewa na shule, yamefanana, na kila moja limeachwa wazi na fundi, wala hakuna aliyekuambia kwamba liko wazi. Unaweka barua zako ndani, unashusha kifuniko, unadhani umefunga. Hivyo ndivyo kompyuta nyingi za watu wengi zilivyowekwa kwa miaka mingi, na ndilo neno langu la leo.

Kwanza nieleze kidogo, maana si wote wanaojua. Katika mfumo wa Unix, ambao ulianzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs huko Marekani, na katika Linux iliyofuata nyayo zake, kila faili ina mwenyewe, tena ina kikundi chake. Watu basi wamegawanywa mafungu matatu: mwenyewe, wenzake wa kikundi, na wengine wote walio na jina katika mtambo ule. Kila fungu lapewa ruhusa au lanyimwa: kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kuendesha programu 1. Ukiona faili ina ruhusa 644, maana yake mwenyewe aweza kusoma na kuandika (4 na 2 ni 6), wa kikundi aweza kusoma tu, na wengine wote waweza kusoma tu. Ukiona 600, mwenyewe peke yake. Kwa folda ile 1 haina maana ya kuendesha, bali ni ruhusa ya kupita mlangoni. Na 4 ni ruhusa ya kuona orodha ya majina yaliyo ndani. Kwa hiyo folda yenye 755 ni nyumba ambayo mtu yeyote aweza kuingia, akatazama kila chumba, ila asihamishe kiti.

Tena liko jambo linalowashangaza wengi. Ruhusa ya kufuta faili haitoki katika faili yenyewe, bali hutoka katika folda iliyo na faili hiyo. Mtu aweza kuwa hana ruhusa hata ya kuisoma barua yako, lakini akawa na ruhusa ya kuitupa. Nimewaona watu wazima wenye vyeti wakibisha juu ya hili hata wakaonyeshwa kwa macho.

Sasa, faili ikizaliwa, nani huamua izaliwe na ruhusa gani? Hapo ndipo palipo kiini cha maneno yangu. Wewe uliyeiandika hukuulizwa. Programu huomba ruhusa nyingi, kwa kawaida 666, kisha mfumo huondoa baadhi kwa kutumia tarakimu ziitwazo umask, yaani kinyago cha kufunika ruhusa zisizotakiwa. Kinyago hiki kimo tangu Toleo la 7 la Unix la mwaka 1979. Kawaida kilichozoeleka katika mitambo mingi ni 022, nacho huwaondolea wengine ruhusa ya kuandika tu, kikawaachia ruhusa ya kusoma. Ndipo tunapopata 644. Kinyago kikiwa 077, tunapata 600. (Wapenda hesabu wasidanganyike kwamba ni kutoa kwa kawaida. Ukitoa 027 katika 666 kama hesabu ya darasani utapata upuuzi. Jibu lililo sawa ni 640, kwa sababu kinachofanyika ni kufuta ruhusa moja moja, na ruhusa isiyokuwapo haifutwi mara ya pili.)

Haya ndiyo maelezo. Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Mwaka 1998 nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa na mtambo mmoja wa Unix, na skrini na kibodi kama ishirini zilizounganishwa nao, nasi wanafunzi tulipanga mstari tangu alfajiri. Nilijifunza upesi kuandika barua zangu humo, kwa kuwa tuliruhusiwa kuchapa kurasa chache kila mwezi bila malipo, na fedha ya kalamu na karatasi ilikuwa haba kwangu.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule baba yangu alifungwa. Hakuiba wala hakupigana na mtu. Alikuwa amekopa fedha za mbegu na mbolea, mvua ikakata, mahindi yakakauka, naye mwenye deni akampeleka kortini. Nilimwandikia baba mdogo aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Nilimweleza kila kitu: kiasi cha deni, gereza alimo baba, mbuzi ambao mama alikuwa amekwisha kuwauza, na ya kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nakula mara moja kwa siku ili nisimwombe mama chochote. Nikaipa faili jina la baba mdogo, nikaichapa, nikaipeleka posta. Faili yenyewe niliiacha katika folda yangu.

Wenzangu chumbani nilikuwa nimewaambia kwamba baba amesafiri.

Baada ya wiki moja hivi mvulana mmoja wa darasa letu aliniuliza, tukiwa kwenye mstari wa chakula, "Mzee ametoka?" Aliuliza kwa upole kabisa, nadhani alitaka kunipa pole. Lakini walio nyuma yake walisikia, na mmoja alicheka. Nilipoketi kula niligundua kwamba meza nzima yajua. Kwa muda uliobaki wa muhula ule palikuwa na jina waliloniita nilipopita, nami sitaliandika hapa.

Nilimfuata yule aliyeniuliza. Nilikuwa nimekusudia kumpiga. Akaniambia kwamba alikuwa akitafuta majibu ya zoezi la hesabu katika folda za wenzetu, kama ilivyokuwa desturi ya watu wote, akaona jina lile la faili, akaifungua. "Lakini ilikuwa wazi, kaka," akasema. "Nilidhani umeiweka tusome."

Maneno hayo nimeyatafakari kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakusema uongo. Alikuta mlango wazi, na katika nchi zetu mlango wazi una maana yake: karibu. Mimi sikusema karibu. Neno hilo lilisemwa kwa niaba yangu na tarakimu tatu ambazo sikuwa nazijua, zilizowekwa na mtu ambaye hanijui, katika nchi ambayo sijafika.

Nilikwenda pia kwa msimamizi wa mtambo. Akanieleza, bila hasira, kwamba folda zote zimeachwa wazi ili kurasa za intaneti za wanafunzi, zilizokuwa zikihifadhiwa ndani ya folda hizo hizo, zisomeke. Na ya kuwa kama sikutaka kusomwa ningeandika amri ya chmod nikafunga. Kweli. Lakini amri hiyo tulifundishwa mwaka wa pili. Tena hata sababu yake ya kurasa za intaneti haikutosha, kwa kuwa ingewezekana kuzipa folda zetu ruhusa ya 711, ambayo humwacha mtu apite kwenda kwenye ukurasa anaoujua jina, lakini haimwonyeshi orodha ya vilivyomo. Hilo nalo nililijua baadaye sana, nilipokuwa mimi mwenyewe nimepewa kazi ya kusimamia mitambo.

Sasa wako watakaosema kwamba haya ni makosa ya watu wachache wasio waangalifu. Nawaomba watazame historia, maana jambo hili liliwasumbua hata mabingwa.

Mfumo mmoja wa kwanza kabisa wa watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja ulionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1961, chini ya Fernando Corbató. Waliuita CTSS. Humo ndimo yalimoanza kutumika maneno ya siri kwa watumiaji wa kompyuta. Siku moja, katikati ya miaka ya 1960, kila aliyeingia katika mtambo ule alipigwa na mshangao: mahali pa tangazo la siku, mashine ilimwandikia orodha nzima ya maneno ya siri ya watu wote. Corbató mwenyewe, alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990, alikikumbusha kisa hiki mbele ya watu. Sababu yake ilikuwa hivi. Programu ya kuhariri ilitengeneza faili ya muda yenye jina lile lile siku zote. Hapo kwanza hili halikudhuru, kwa kuwa watu wawili hawakuruhusiwa kufanya kazi katika folda moja kwa wakati mmoja. Kisha wasimamizi wakaona katazo hilo lawachelewesha, wakajiondolea. Siku ile mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku na mwingine akihariri orodha ya maneno ya siri, faili zao zikabadilishana mahali. Hapana mwizi katika kisa hiki. Watu wema walijirahisishia kazi, basi.

Nacho kisa cha pili. Katika Unix ya zamani orodha ya watumiaji ilisomeka na kila mtu, kwa kuwa programu nyingi zilihitaji kujua majina. Maneno ya siri yalikuwa humo humo, ila yamevurugwa kwa hesabu ili yasisomeke. Watu walisema, "Yamevurugwa, yatosha." Lakini mwenye kuisoma orodha aweza kukaa kimya, akajaribu neno moja moja kwa hesabu ile ile, akalinganisha. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa chuo cha Cornell aitwaye Robert Tappan Morris alitoa katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe kutoka mtambo hata mtambo, na njia yake mojawapo ilikuwa hiyo: ilisoma orodha iliyo wazi, ikajaribu majina ya watu wenyewe, kisha ikajaribu maneno 432 iliyoyabeba. Baba yake kijana huyo, ajabu ya Mungu, ndiye aliyeandika pamoja na Ken Thompson, mwaka 1979, makala mashuhuri juu ya usalama wa maneno hayo ya siri. Baada ya mambo kama haya mitambo mingi iliyahamisha maneno yale katika faili nyingine isiyosomeka ila na msimamizi mkuu peke yake. Lakini yalikuwa wazi kwa miaka mingi, na kila mtu aliona ni kawaida.

Na dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walichapa makala juu ya kulinda habari katika kompyuta. Katika kanuni zao wanane walizozitaja, moja yasema kwamba mfumo uanze kwa kukataa, kisha utoe ruhusa pale ilipo sababu ya kuitoa. Wao wenyewe walisema kwamba wazo hilo lilitolewa na E. Glaser mwaka 1965. Sababu waliyoitoa yapendeza kwa wepesi wake. Ukikosea katika mfumo unaoanza kwa kukataa, utamnyima mtu aliyestahili, naye atakuja kulalamika, nawe utarekebisha. Ukikosea katika mfumo unaoanza kwa kuruhusu, utampa mtu asiyestahili, naye hatakuja kukuambia. Wenzangu wale wa chuo hawakuja kuniambia. Kama si upole wa yule mmoja, ningemaliza chuo bila kujua.

Sitaki kudanganya kwamba upande wa pili hauna neno. Unalo, tena zuri. Katika maabara ya akili bandia ya MIT iyo hiyo walikuwa na mfumo ulioitwa ITS, ambao kwa makusudi haukuwa na ulinzi wa faili: mtu yeyote aliweza kusoma na hata kubadilisha faili ya mwenzake. Richard Stallman alikuwa mmoja wao, na maneno ya siri yalipoletwa aliwashawishi wenzake watumie neno tupu, yaani wabonyeze kitufe tu waingie. Waliamini kwamba kufungiana ni mwanzo wa kutawaliwa, na ya kuwa programu huwa bora ikisomwa na wengi. Nami nakiri kwamba nusu ya niyajuayo niliyapata kwa kusoma kazi za wengine zilizoachwa wazi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, husema kwamba ukiwafundisha watoto kufunga kila kitu unawafundisha kushukiana, na kwamba sisi Waafrika hatukulelewa hivyo.

Lakini namjibu hivi. Watu wa maabara ile walikuwa wachache, walijuana, nao walijua kwamba milango iko wazi. Hayo ya mwisho ndiyo makubwa. Mtu ajuaye kwamba ukuta hauna kizuizi ataongea polepole. Asiyejua ataongea kama yu peke yake. Na kuhusu malezi yetu, bibi yangu aliyekuwa mkarimu kuliko mtu yeyote niliyemjua alikuwa na chumba chake cha ndani ambacho hata wanawe hawakuingia bila kubisha hodi. Ukarimu wake ulikuwa ukumbini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami sibishani nao, ila wao hawakulala katika nyumba moja na wapangaji mia sita.

Tena yafaa tutenganishe mambo mawili. Kushiriki kazi kwahitaji mahali pa kushiriki, wala hakuhitaji nyumba zote ziwe wazi. Mfumo una vikundi kwa kazi hiyo hasa. Darasa la fizikia lipewe folda moja, wanafunzi wake wawe kikundi kimoja, waweke humo wanachotaka kionwe. Anayeweka humo atakuwa ameweka kwa hiari. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kukupa sukari na wewe kuikuta katika sanduku langu.

Kuna uovu mwingine ambao siwezi kuupita kimya, nao ni ile dawa ya 777. Mnapoanza kutengeneza kurasa za intaneti mtakutana nayo. Programu inakataa kuandika faili, mnauliza, mtu anawaambia, "Weka 777, itakubali." Nayo kweli inakubali, kwa sababu umempa kila aliyemo katika mtambo ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha. Ni sawa na mtu aliyepoteza ufunguo wa chumba akang'oa mlango, kisha akajisifu kwamba sasa anaingia bila taabu. Nimerithi mitambo iliyotibiwa kwa dawa hii, nami nilitumia wiki tatu nikirudisha milango mmoja mmoja, huku wenye mitambo wakinilaumu kwamba nimewaharibia kazi iliyokuwa ikienda vizuri.

Msidhani kwamba haya ni ya zamani tu. Ubuntu, ambayo huenda ndiyo itakayowekwa katika kompyuta yetu kwa kuwa haina gharama, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na kwa miaka mingi folda ya kila mtumiaji ilizaliwa na 755. Watu walilalamika. Waliambiwa kwamba hivyo ni rahisi kwa jamaa wanaotumia kompyuta moja nyumbani. Hata Aprili 2021, katika toleo la 21.04, ndipo ilipobadilishwa kuwa 750, ambayo huwafungia wengine mlango wa folda. Lakini angalieni: badiliko hili ni la folda mpya. Aliyekuwa na mtambo wa zamani akaupandisha toleo, folda zake za zamani zilibaki kama zilivyokuwa. Na kama kompyuta ya shule yetu ni ile iliyotolewa msaada na ofisi fulani baada ya kuitumia, kama nilivyosikia, basi sioni sababu ya kuamini kwamba imefungwa mpaka mtu atazame.

Mimi naona, basi, kwamba kabla mwanafunzi mmoja hajapewa jina lake, Bwana Mwalimu wa kompyuta aweke umask kuwa 077 kwa wanafunzi wote, na folda zao ziwe 700. Kwa walimu naona vivyo hivyo, tena zaidi, maana mitihani itatungwa humo, na nisiposema hilo mtasema nimesahau nilivyokuwa mwanafunzi. Zitengenezwe folda za madarasa kwa vikundi. Folda ya muda inayotumiwa na wote, ambayo haiwezi kufungwa, iwekwe ile alama ya kuzuia mtu asifute faili ya mwenzake. Na siku ya kwanza, kabla ya somo lolote, kila mwanafunzi aonyeshwe amri mbili: ya kutazama ruhusa na ya kuzibadilisha. Dakika kumi zatosha.

Watakaosimamia mtambo watakutana na malalamiko juma la kwanza. Mwanafunzi atasema, "Siwezi kumwonyesha mwenzangu insha yangu." Vizuri, amekuja, aonyeshwe njia. Kuna programu moja iliyonifundisha ustahimilivu katika hili, nayo ni SSH, itumiwayo kuingia katika mtambo ulio mbali. Ukiwa na ufunguo wako wa siri katika faili inayosomeka na wengine, programu hiyo hukataa kuutumia, ikakuonya kwa herufi kubwa kwamba ufunguo uko wazi. Nilikasirika mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka. Lakini iliniambia kabla mtu hajausoma, na hilo lile mtambo wa chuo haukunifanyia.

Tena msitumaini kufuli kupita kiasi. Msimamizi mkuu wa mtambo husoma faili yoyote, hata ya 600, kama vile mkuu wa bweni alivyokuwa na nyundo ya kuvunjia makufuli. Anayechomoa diski na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine hazuiwi na tarakimu hizi. Nchi yetu ilipata sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, nayo yawahusu wote wanaoweka habari za wengine, shule zikiwamo. Basi yafaa pia ijulikane ni nani mwenye cheo hicho cha usimamizi, na kwamba si kiranja. Narudia, si kiranja. Siku zetu viranja walisoma barua zetu, na sote tunajua zilivyoishia.

Mwalimu mmoja wa shule yetu ya leo, niliyempigia simu juu ya jambo hili, aliniambia kwamba wanafunzi hawana siri za maana. Watakuwa na insha na majedwali ya kemia. Sikumjibu, kwa kuwa namheshimu. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitano akipewa mahali pa kuandikia ambapo anaamini ni pake, ataandika. Ataandika juu ya ada isiyolipwa, juu ya mama aliye hospitalini, juu ya mambo asiyoweza kumwambia mlezi wake.

Barua ile ya baba mdogo bado ninayo. Nimeihamisha kutoka mtambo hata mtambo kwa miaka yote hii, na ruhusa yake ni 600. Baba mdogo alilipa deni lile kwa mafungu, na baba akatoka baada ya miezi minne. Alifariki mwaka 2011. Alipokuwa hai aliniuliza mara nyingi kwa nini sikuwahi kumleta nyumbani hata rafiki mmoja wa chuoni, nami nilimwambia kwamba wote walikaa mbali.

Wako,
Mwanafunzi wa Zamani (1992–1997)